Aliyoyaona Lusungu Akishuka Bondeni

1.

— Umeona nini njiani?

— Njia.

2.

Usimcheke. Mwanamume aliyejibu hivyo anaitwa Lusungu Mbwilo, na asubuhi hiyo alikuwa ameshuka kwa baiskeli kutoka kijijini Igwimba, juu kabisa milimani, upepo wa kipupwe ukimkata masikio, hadi hospitali ya misheni iliyoko bondeni. Amekuja kusimama nje ya dirisha la wodi na kumtazama mkewe. Amevaa makoti mawili. Kwenye keria amefunga chupa ya uji. Anampenda mke huyo kuliko anavyojua kusema, na hapo ndipo penye tabu, kwenye kusema.

Kazi yake ni mbao. Kwenye mashine ya kupasulia magogo ya misindano, ile misonobari, hakuna anayezungumza, maana msumeno unameza maneno yote. Watu wanaonyeshana kwa mikono: leta, geuza, simama. Jioni Lusungu hurudi nyumbani masikio bado yakivuma, akala, akasema asante, wakalala. Ndoa yao imekwenda hivyo, na Veneranda hakuwahi kulalamika. Nyumbani kulikuwa na kuku, moto, majirani na redio.

Hapa kuna dari.

3. Tangazo mlangoni pa wodi

WODI YA AKINA MAMA WANAOSUBIRI KUJIFUNGUA

Wanaume HAWARUHUSIWI kuingia ndani.
Mazungumzo yafanyike dirishani, saa za kuona wagonjwa, kwa sauti ya chini.
Mama aliyeamriwa kulala ALALE. Kukaa si kulala. Kusimama kidogo si kulala.
Ni marufuku kuegesha baiskeli ukutani.

Uongozi.

4.

Veneranda ni mmoja wa walioamriwa kulala. Mimba zake mbili za mwanzo hazikufika. Ya pili ilikuwa imeenda mbali kiasi kwamba mtoto alizaliwa akiwa na kucha, na wakamzika. Baada ya maziko hawakumtaja tena, si yeye wala mumewe. Hii ya tatu, daktari amefunga mlango wa kizazi kwa uzi, akamwambia, "Mama, kazi yako ni moja tu. Lala mpaka baridi iishe."

Basi amelala. Kutoka kitandani pake anaona kipande cha ukuta, kipande cha anga, na mume.

— Lusungu.

— Naam.

— Umekanyaga pedali kutoka kwetu hadi hapa.

— Ee.

— Na umeona njia tu.

Akafikiri kwa bidii.

— Na kona.

Mwanamke wa kitanda cha jirani alijivutia blanketi usoni, na blanketi likaanza kutikisika. Veneranda yeye hakucheka. Alisema taratibu, kama anayeomba maji ya kunywa:

— Mwenzangu, hii dari itaniua. Ukija tena niletee kitu. Uji upo, wanatupatia. Niletee ulichokiona.

5.

Ukitaka kujua jinsi mtu anavyojifunza kuona, ni hivi: mwanzoni haoni.

Safari iliyofuata Lusungu aliyatoa macho mpaka yakamwaga machozi kwa upepo. Aliona miti. Aliona ng'ombe. Aliona miti mingine. Akawa anajisemesha kimoyomoyo, mti, ng'ombe, mti, kama mtoto anayekariri jina la dawa aliyotumwa dukani, na alipofika mashamba ya chai akagundua kwamba hakuna hata kimoja ambacho angethubutu kukipeleka dirishani.

Akafunga breki. Akashusha mguu mmoja chini.

Majani ya chai ya pembeni mwa barabara yalikuwa yameungua kwa barafu ya usiku, mekundu kama kutu. Ya katikati yalikuwa ya kijani. Mpaka kati ya rangi hizo mbili ulikuwa umenyooka kabisa, na Lusungu akajiuliza baridi iliamuaje kuishia pale. Alisimama muda. Halafu kwenye huo ukimya, kwenye ngazi za nyumba ya msimamizi wa shamba, akaona kitu kikitembea.

6.

— Mbwa amevaa sweta.

— Nini?

— Mbwa. Mtoto wa mbwa. Amevaa sweta.

— La rangi gani?

Lusungu akatazama nyuma, barabarani.

— Lusungu! Mbwa amevaa sweta, nawe hukuangalia rangi?

Alipokuwa akipanda kurudi Igwimba, akapita taratibu pale penye ngazi. Na mara iliyofuata, kabla hata ya salamu, kabla baiskeli haijalala majanini:

— La kijani. La shule. Wamekata mikono, ameingiza miguu ya mbele. Mbele kuna beji.

— Imeandikwaje?

— "Elimu ni Mwanga."

7. Anasimulia Skolastika, kitanda cha jirani

Mimi nina mapacha tumboni, kwa hiyo nawe niwie radhi, nasimulia nikiwa nimelala.

Niseme ukweli, mwanzoni tulimcheka. Mwanamume mrefu, makoti mawili, amesimama dirishani kama nguzo ya umeme. Anasema kitu kimoja ananyamaza. Lakini kitu chenyewe sasa! Siku ya beji ya mbwa wodi nzima ilicheka mpaka nesi Imelda akaja kutufokea, eti tutazalia hapohapo. Toka siku hiyo tukawa tunamsubiri sote. Kuna mama wa kitanda cha mwisho aliomba ahamishiwe dirishani akisingizia kukosa hewa. Hewa! Na ile baridi!

Kisha tukaanza kumtuma. Mimi nilimwambia, "Shemeji, pale njiapanda ya kanisa kuna nyumba ya bati jekundu, ni kwa mama yangu. Usipige hodi. Niangalizie tu kama moshi unatoka."

Unajua mama alikuwa amekataa katakata kuandaa chochote. Alisema hanunui hata kitambaa mpaka aone watoto kwa macho yake.

Shemeji akarudi. Akasema, "Moshi unatoka." Hakuondoka. Tukajua bado kuna kitu, tukamngoja. Akasema, "Na kwenye kamba wameanika nguo za kitoto. Mbilimbili."

Nililia mpaka basi.

8. Mengine aliyoyaleta dirishani, kipupwe kikielekea mwisho

Mpichi uliochanua bila hata jani moja. Rangi ya waridi tupu. Chini yake mwanamke anafua, na maua yanaanguka ndani ya beseni, naye hayatoi, anayafua pamoja na mashati.

Dimbwi lililoganda. Kuku amesimama juu yake akitazama chini.

Moshi wa jiko ukishuka badala ya kupanda.

Wachuma chai wakiota jua kabla ya kuanza kazi, wote wameupa mgongo upande mmoja, wote wamefumba macho.

Miti ya miwati iliyochanua. Lusungu alisema tu "miwati", akatafuta neno, akalikosa, akachomoa kitawi mfukoni na kukipitisha kwenye nondo za dirisha. Vumbi la njano likaanguka kwenye shuka la Veneranda. Nesi Imelda akaliona, akasema shuka ni mali ya hospitali. Akaliacha.

Mwanamume akisukuma baiskeli iliyobeba kabati zima, kabati lenye kioo cha mtu mzima. Kioo kilitazama nyuma. Anga lote lilikuwa likipanda mlima ndani ya kile kioo, na mawingu, na nguzo za umeme. Halafu katikati yake ikatokea baiskeli nyingine.

— Nani? — Veneranda aliuliza.

— Mimi.

— Ukoje?

Hilo hakulitegemea. Aliangalia viatu vyake.

— Nimekonda kidogo, — alisema. — Lakini nilikuwa ninacheka. Sikujua kama nilikuwa ninacheka.

9.

Siku moja alikuta watu kwenye mteremko, chini kidogo ya mashamba ya chai. Walitembea mmoja nyuma ya mwingine, pembeni kabisa ya barabara, hakuna aliyesema kitu. Wa mbele alikuwa kijana, amevaa koti la suti lililompwaya. Alibeba sanduku la mbao kwapani. Dogo. Mtu angeweza kudhani ni redio.

Lusungu alishuka. Akavua kofia. Akasimama na baiskeli yake mpaka wa mwisho akapita. Yule wa mbele alipomfikia alimtikisia kichwa, naye akamtikisia kichwa, basi.

Alizijua mbao zile. Msindano, unene wa inchi moja. Alijua hata zinavyonuka.

10.

— Miwati inaanza kupukutika, — alisema dirishani. — Barabara imekuwa ya njano.

— Na kingine?

— Hakuna.

— Mbona kiganja chako kinasema simama?

Akautazama mkono wake. Kweli, ulikuwa umeinuka hadi kifuani, kiganja wazi, kama kule kwenye mashine anapotaka msumeno uzimwe. Akaushusha.

— Sikutaka uogope, — alisema.

— Lusungu. Mimi naogopa tangu siku niliyolazwa. Ukininyamazia, naogopa peke yangu.

Akamwambia. Sanduku, koti linalopwaya, watu wasiosema. Alimaliza, na Veneranda hakulia; huko jikoni kijiko kilianguka.

Kisha Lusungu akasema jambo ambalo hakuwa amekusudia kulisema maishani mwake.

— Lile la kwetu nililitengeneza mwenyewe.

— Najua.

— Nilipiga randa ndani.

— Ndani?

— Nje hata sikuhangaika napo. Ndani. Nilipiga mpaka pakawa laini, nikapapasa na shavu. Sikutaka achomwe na vibanzi.

Veneranda alitoa mkono wake kwenye blanketi, akaunyoosha kuelekea dirishani, kadiri mtu aliyeamriwa kulala anavyoweza kuunyoosha. Haukufika. Skolastika, ambaye naye hakuruhusiwa kushuka kitandani, alishuka kitandani. Akakisukuma kitanda cha mwenzake kwa nyonga, chuma kikalia sakafuni, mpaka vidole vya mke vikafika kwenye nondo, na vya mume vikavipokea.

Nesi Imelda alikuwa mlangoni. Aliona yote.

Akageuka akaenda kuandika kitu fulani mahali pengine.

11.

Simu ilitetemeka mfukoni asubuhi, mashine ikiwa imeshika kasi. Lusungu aliinua kiganja. Simama. Msumeno ukazimwa, na milima yote ikanyamaza kwa mkupuo.

— Shemeji, ni mimi Skola. Wamempeleka chumba cha upasuaji. Damu. Uzi umeshindwa kushi

12.

Msomaji, tazama kwa niaba yake, maana yeye siku hiyo hakutazama.

Kulikuwa na ukungu uliolala bondeni kama maziwa kwenye bakuli, na vilele vya misindano vikitokeza juu. Hakuuona.

Mbayuwayu walikuwa wamerudi. Walipita chini ya usukani, karibu na magoti yake. Hakuwaona.

Penye ngazi za nyumba ya msimamizi

penye mpichi, ambao sasa ulikuwa na majani

penye njiapanda ya kanisa, mama wa Skolastika alikuwa amesimama barabarani na shuka begani, akapaza sauti, "Mwanangu, kuna nini?" na hakum

Huku chini miti ya miyombo ilikuwa imetoa majani mapya, mekundu, mlima mzima mwekundu kama unaona haya. Hili ndilo angelileta dirishani. Lilikuwepo pande zote mbili za barabara, lilimulika hadi kwenye mikono yake, na yeye aliona kitu kimoja tu, tairi la mbele, tairi la mbele, tairi la

13.

Cheni ilikatika kwenye kilima cha mwisho. Alijaribu kuiunga, ikamteleza kwa grisi. Akaiacha ikining'inia. Akaisukuma baiskeli mbio, kisha akaona inamchelewesha, akailaza mtaroni na kukimbia bila baiskeli, makoti mawili yakimpiga miguuni. Akavua moja akalitupa.

Getini mlinzi alisema, "Saa za kuona wagonjwa bado." Halafu akamtazama usoni.

Akafungua.

14.

— Baba mtoto!

Lusungu alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, mikono myeusi kwa grisi, ameitazama sakafu kwa muda asioujua. Alisikia jina hilo na hakuinuka. Kule kwao mwenye mtoto haitwi tena kwa jina lake, huitwa Baba Fulani au Mama Fulani. Majirani wote wa umri wao wana majina hayo. Yeye na Veneranda wamebaki Lusungu na Vene, kama vijana.

— Baba mtoto, nakuita!

Akageuka nyuma amwone anayeitwa. Nyuma kulikuwa na ukuta.

Nesi Imelda alimsimamia.

— Ni wa kike. Amewahi mno, lakini amelia. Mama amepoteza damu nyingi, tumemwongezea, yuko jengo lile pale, hawezi kuinuka leo wala kesho. Umenisikia? Yuko hai. Wote wako hai. Sasa nenda kanawe. Mpaka viwiko. Tumia sabuni hiyo ya mche, na ukimaliza, nawa tena.

15. Maelekezo ukutani, chumba cha watoto wachanga

HUDUMA YA NGOZI KWA NGOZI

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ahifadhiwe kifuani kwa mzazi, usiku na mchana.
Mzazi avue nguo za juu. Mtoto avishwe kofia, soksi na nepi TU.
Kichwa kielekezwe upande mmoja ili mtoto apumue.
Iwapo mama hawezi, baba au ndugu yeyote mwenye afya

Hapo karatasi imechanika.

16.

Alipokwisha kuonyeshwa mtoto, walimruhusu aende kwa Veneranda, mara moja. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na nondo kati yao. Veneranda alikuwa mweupe midomoni. Dripu mkononi. Macho yalifunguka, yakamtafuta, yakampata.

— Sijamwona, — alisema. — Walipita naye haraka.

— Yupo. Nimetoka kwake.

— Nionyeshe.

Lusungu alivuta kiti. Hakutafuta neno kubwa. Alianza juu, akashuka taratibu, kama anavyoshuka mlima siku ambayo hana haraka.

— Ana nywele hadi mabegani. Vinyweleo, laini, kama vya ndani ya jani la boga. Sikio la kushoto limekunjika kwa juu. Nesi anasema litakunjuka.

— La kulia?

— La kulia liko sawa. Paji la uso lina mikunjo mitatu, kama mtu aliyeamshwa mapema. Ngozi ni nyembamba, naona mshipa unaokwenda shingoni. Mkono mmoja ameukunja ngumi, mwingine ameuacha wazi. Kucha zote zipo. Niliziangalia zote.

Machozi ya Veneranda yalikwenda kando, yakaingia masikioni, na Lusungu akayafuta kwa kidole kilichokuwa bado kina weusi kwenye ukucha.

— Anafanana na nani?

— Na mtu aliyekasirika.

— Basi ni mama yako, — alisema Veneranda, na akacheka, na kicheko kikamuuma kwenye mshono, akashika tumbo. Kisha akauliza lile ambalo wote wawili walikuwa wakilizunguka.

— Anapumua?

— Anapumua. Halafu anasahau. Halafu anakumbuka.

— Akisahau?

— Nesi amenionyesha. Unamsugua mgongoni, kwa kidole kimoja, taratibu.

Veneranda alifumba macho. Alimtafuta mkono, akaubana, akauachia.

— Nenda, — alisema. — Unafanya nini hapa? Nenda.

17.

Chumba kina joto. Kuna viti vitano vya kuegemea, na wanawake wanne. Alipovua shati walitazama pembeni kwa heshima, mmoja akatabasamu akiwa ametazama pembeni. Nesi Imelda alimlaza mtoto kifuani pake, akamgeuza kichwa, akawafunga pamoja kwa kitenge alichotoa mmoja wa wale wanawake, cha njano na zambarau, fundo begani.

— Usilale, — alisema.

— Silali.

— Nikimaliza huko nakuja.

Akaondoka.

Mtoto hana uzito wowote. Ana joto tu. Ni kama mtu amemwekea kiganja kifuani akakisahau pale.

Dirishani akatokea Skolastika, tumbo mbele, mkono kiunoni, amekaidi amri zote za kulala. Anagonga kioo kwa ukucha. "Shemeji," anasema bila sauti, akionyesha nyuma yake kwa kidole, milimani, huko ambako ukungu umeondoka na mlima mzima unawaka kwa wekundu wa miyombo. "Shemeji, tazama!"

Lusungu hageuki, anamtazama mtoto.

Anapumua.

Anapumua.

Anapumua.

 

 

 

Kidole. Mgongoni. Taratibu.

 

 

Taratibu.

 

Anapumua.